MFANYAKAZI ASISOME KWA KUJIFICHA

Katika ofisi na viwanda vingi vya nchi hii kuna ugonjwa wa ajabu ambao madaktari hawaujui. Huja kwa majira, kama mvua za vuli. Ukifika, karani hodari ambaye hajakosa kazi mwaka mzima huugua siku tatu mfululizo. Fundi wa mtambo hufiwa na shangazi yule yule aliyemzika mwaka jana. Muuguzi wa zamu huomba kubadilishana usiku na wenzake mpaka wenzake wakachoka. Zikipita wiki mbili ugonjwa hutoweka na misiba hukoma. Wenye kujua siri hucheka chini kwa chini, kwa sababu majira hayo ndiyo majira ya mitihani ya vyuo vikuu, na wagonjwa hao na wafiwa hao ni wanafunzi.

Sisi hatucheki. Twaona kuwa ni aibu, na si aibu ya karani wala ya muuguzi, bali ni aibu ya mahali pa kazi panapomlazimisha mtu mzima, mwenye akili zake na watoto wake, kusema uongo ili apate kwenda kutenda jambo la heshima. Mtu akiomba ruhusa ya kwenda kuoza mdogo wake hupewa, na mchango huchangwa. Akiomba ruhusa ya kwenda kukalia mtihani wa sheria, au wa hesabu za fedha, au wa ualimu, hutazamwa kama mtu aliyekamatwa na mali ya wizi.

Sababu yake inajulikana. Wapo wakubwa wa kazi, wala si wachache, wanaoamini kuwa mtumishi anayesoma ana safari. Huona kwamba ama anataka kuondoka, ama anataka kiti cha mkubwa wake. Kwa hiyo mtumishi mwenye busara huyaficha masomo yake kama vile mtu anavyoficha ugonjwa. Vitabu hufungwa ndani ya mfuko wa soko. Kazi za chuo huandikwa usiku wa manane. Siku matokeo yakitoka hana mtu wa kumpa habari kazini, na siku ya mahafali huomba tena ruhusa ya msiba. Baada ya hayo yote tunamtaka mtu huyo huyo aipende ofisi yake na kuitumikia kwa moyo mweupe!

Yafaa tukumbushane kuwa mambo hayakuanza hivyo. Tarehe 25 Oktoba, 1961, kabla hata Tanganyika haijapata uhuru wake, Chuo Kikuu cha kwanza cha nchi hii kilifunguliwa Dar es Salaam kikiwa na wanafunzi 14 tu, wote wa sheria. Hakikuwa na jengo. Kiliwekwa katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, nacho kikakaa humo mpaka kilipohamia Mlimani mwaka 1964. Mwaka huo huo wa 1961 kilifunguliwa pia Chuo cha Kivukoni, ambacho hakikuwekwa kwa ajili ya vijana waliotoka shule moja kwa moja, bali kwa ajili ya watu wazima: makarani, viongozi wa vyama vya wafanyakazi, watu wa ushirika, watumishi wa Chama. Kwa hiyo mfanyakazi anayeingia darasani leo akiwa na miaka arobaini si mgeni aliyebisha hodi nyumbani kwa watu. Nyumba ni yake, tena alikuwamo tangu msingi ulipochimbwa.

Mwalimu Nyerere, alipolieleza Bunge juu ya Mpango wa kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano mwezi Mei 1964, alitoa hoja ambayo hata sasa haijajibiwa. Alisema kwa maana hii: watoto tunaowapeleka shule leo ni wema, lakini haitakuwa miaka mitano, wala kumi, pengine wala ishirini, kabla elimu yao haijaleta matunda katika uchumi wa nchi, bali mtu mzima ukimfundisha leo, kesho anaitumia. Hoja hiyo ndiyo iliyozaa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima wa 1970, na ndiyo iliyowatia moyo maelfu ya walimu wa jioni ambao hawakulipwa cha kuwatosha. Kwa hesabu za Serikali, katika mwaka 1967 watu wazima wapatao thuluthi mbili hawakujua kusoma wala kuandika. Ilipofika mwaka 1986 walikuwa wamebaki chini ya asilimia 10. Hayo yalifanywa na watu waliokwisha kulima mchana, wakasoma jioni kwa taa ya chemli.

Wala juhudi hiyo haikuishia kwenye kisomo cha a, e, i, o, u. Katika mwaka 1973 Waziri Mkuu alitoa maelekezo ya kutaka kila mahali pa kazi pawe na mpango wa elimu ya wafanyakazi. Wazee wetu waliofanya kazi katika viwanda vya nguo na katika bandari wakati ule watakumbuka ubao uliotundikwa ukutani karibu na stoo, na mwalimu aliyekuwa mwenzao wa zamu. Mengi ya madarasa hayo yalikufa pamoja na mashirika yaliyoyalea. Lakini wazo la kwamba saa ya kazi yaweza kukatwa kipande ili mfanyakazi ajifunze, na kwamba kipande hicho si zawadi, halikuwa wazo la waota ndoto. Lilipata kuwa utaratibu wa Serikali.

Ndipo likaja Azimio la Musoma la Novemba 1974. Kwa muda wa miaka kadhaa baada ya hapo mwanafunzi wa kidato cha sita hakwenda moja kwa moja Chuo Kikuu. Alitakiwa kwanza afanye kazi kwa kadiri ya miaka miwili, kisha apendekezwe na wale aliofanya nao kazi. Tungekuwa waongo kama tungelisifu Azimio hilo kwa kila kitu. Pendekezo la mwajiri na la tawi lilimpa mtu mmoja uwezo mkubwa mno juu ya maisha ya mwingine, na si wote waliokuwa na uwezo huo walioutumia kwa haki. Wasichana waliokwenda kazini wengi hawakurudi, hata baada ya miaka michache ikabidi waondolewe katika sharti hilo. Masomo ya sayansi na uhandisi yalikosa vijana. Hatimaye utaratibu wenyewe ulilegezwa, na ilistahili. Walakini ndani ya Azimio lile mlikuwamo jambo moja ambalo hatukupaswa kulitupa pamoja na makosa yake: imani kwamba mtu aliyekwisha kushika kazi ni mwanafunzi bora, kwa sababu anajua swali kabla ya kuambiwa jibu.

Mwaka 1992 Bunge lilitunga sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, na mwaka 1994 wanafunzi wake wa kwanza wakaanza masomo chini ya Makamu Mkuu wa Chuo, Profesa Geoffrey Mmari. Hicho kilikuwa chuo cha namna mpya kabisa kwetu. Hakikumwambia mwalimu wa Kibondo aache darasa lake aende Dar es Salaam. Kilimpelekea masomo alipo, kikaweka vituo mikoani, kikampa miaka zaidi ya ile anayopewa kijana wa bweni. Vyuo vingine navyo, kama kile cha Usimamizi wa Fedha na kile cha Elimu ya Biashara, na hata Mlimani penyewe, vimekuwa na madarasa ya jioni. Kwa hiyo mtu asituambie kuwa mlango haupo. Mlango upo. Tatizo ni kwamba mfanyakazi anafika mlangoni akiwa hoi.

Hebu tupige hesabu, maana jambo hili husemwa sana kwa maneno matamu na kupimwa kidogo mno kwa saa. Katika vyuo vikuu vyetu somo hupimwa kwa krediti, na krediti moja huhesabiwa kuwa ni kazi ya saa 10 kwa mwanafunzi wa kawaida. Shahada ya kwanza ya miaka mitatu haipungui krediti 360. Maana yake ni saa 3,600 za kusoma, kuandika, kusikiliza na kufanya mitihani. Mfanyakazi akiamua kuzieneza katika miaka sita badala ya mitatu, bado ana saa 600 kila mwaka, ambazo ni kadiri ya saa 11 na nusu kwa kila wiki, pasipo kupumzika hata wiki ya Idi wala ya Krismasi. Sasa ziweke juu ya saa 45 ambazo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeziweka kuwa mwisho wa saa za kawaida za kazi kwa wiki. Kama ni mkazi wa Mbagala au Gongo la Mboto anayefanya kazi katikati ya jiji, ongeza saa mbili au tatu za daladala kila siku, amesimama, mkono mmoja umeshika bomba na mwingine umekumbatia mfuko.

Na kama mfanyakazi huyo ni mwanamke, hesabu yetu bado haijaanza. Anapofika nyumbani saa moja ya usiku, mwenziwe mwanamume hukaa akaletewa maji ya kunywa. Yeye huuliza kama mtoto amekula, kama sare zimefuliwa, kama mkaa upo. Kitabu hufunguliwa saa nne watu wote wakiwa wamelala. Twawajua wanawake waliopata shahada kwa njia hiyo, na twasema bila kusita kwamba shahada yao moja ina uzito wa mbili. Lakini hatutaki kuwasifu tu halafu tuwaache pale pale. Mume anayejigamba barazani kwamba mkewe anasoma Chuo Kikuu, na huku hajawahi kuosha sufuria hata siku moja ya mtihani, anajigamba kwa jasho lisilokuwa lake.

Wapo wanaotujibu kwa methali: mshika mawili moja humponyoka. Methali ni njema, walakini hutegemea nani anaisema. Mwanamke wa shamba hushika jembe mikononi na mtoto mgongoni, na hakuna aliyemwambia achague. Hatumwambii hivyo kwa sababu twahitaji mahindi yake. Basi na huyu anayeshika kazi na kitabu tusimwambie achague, kwa kuwa twahitaji vyote viwili. Hospitali zetu haziwezi kufungwa ili wauguzi waende kusoma miaka minne, wala shule haziwezi kubaki bila walimu. Njia iliyobaki ni moja, nayo ni ya kusoma huku kazi inakwenda. Ikiwa njia ni moja, ni lazima ifyekwe ipitike.

Waajiri wana hoja yao, na tuitazame kwa haki. Husema: nikimpa mtu nafasi ya kusoma, akihitimu ataondoka kwenda kwa mwingine anayelipa zaidi, na hasara ni yangu. Ni kweli kwamba wapo wanaoondoka. Lakini tumeuliza mara nyingi ni kwa nini, na jibu tunalolipata halihusu masomo. Mtu amehitimu, amerudi na cheti chake, amekiweka mezani kwa mkubwa wake. Kikatiwa katika faili, faili likarudi kabatini, naye akarudishwa kwenye kazi ile ile kwa mshahara ule ule, chini ya msimamizi yule yule aliyemcheka. Angekaa ili afanye nini? Mwajiri anayefundisha mtu kisha asimtumie ni kama mtu aliyenunua ng'ombe wa maziwa akamfunga kwenye mti usiokuwa na majani, kisha akalalamika kuwa ng'ombe amekata kamba.

Wala si sharti mfanyakazi apewe kila kitu bure. Mkataba wa haki waweza kuandikwa: mwajiri anachangia ada na siku za mitihani, mfanyakazi anaahidi kukaa kwa muda uliotajwa, na akivunja ahadi anarudisha sehemu ya gharama. Muda huo usiwe wa kumfunga mtu kama mtwana, lakini pia usiwe wa mzaha. Wako waajiri wanaofanya hivyo, na hawajafilisika.

Upande wa fedha kuna jambo linalotuudhi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na imewasaidia vijana wengi ambao wasingeliona lango la chuo. Lakini miongozo ya mikopo kwa miaka mingi imemtaka mwombaji asiwe na ajira yenye kipato. Fikra iliyomo ni kwamba mwenye mshahara anajiweza. Wale wanaoandika miongozo na watazame hati ya mshahara ya mwalimu wa shule ya msingi, au ya mfanyakazi wa kiwanda cha kusindika samaki Mwanza, waondoe kodi, waondoe mchango wa hifadhi ya jamii, waondoe pango, waondoe nauli, halafu watuonyeshe mahali ambapo ada ya chuo imejificha. Hatudai kwamba mwenye mshahara atangulizwe mbele ya yatima. Twadai ya kwamba mtu ambaye mshahara wake unapita mikononi mwa mwajiri kila mwezi ndiye mkopaji aliye rahisi kuliko wote kukatwa, na kwamba mkopo mdogo wa ada peke yake, pasipo fedha ya chakula wala malazi, ungeweza kurudi mapema na kumsaidia mwingine.

Liko na jambo la lugha, ambalo wenye vyeo hawalitaji kwa kuwa wao limekwisha kuwapita. Fundi aliyefanya kazi na injini miaka kumi na tano anaijua injini hiyo kuliko kijana anayemfundisha. Kichwani mwake anaijua kwa Kiswahili. Anapoketi kwenye karatasi ya mtihani hukuta ameulizwa kwa Kiingereza cha kitabuni, akakijibu kwa Kiingereza alichokiacha kidato cha nne, akaandikiwa kuwa hajui. Hatusemi leo kwamba vyuo vikuu vibadilishe lugha ya kufundishia kesho asubuhi. Mjadala huo ni mrefu, na gazeti hili halijawahi kuukimbia. Lakini chuo kinachompokea mtu aliyetoka shule miaka ishirini iliyopita kina wajibu wa kumpa kwanza miezi kadhaa ya kuinoa lugha, tena kwa ada ndogo, badala ya kumwacha aanguke mwaka wa kwanza na kisha kumhesabu miongoni mwa walioshindwa.

Tumesema mengi juu ya waajiri na wenye mamlaka. Ndugu wafanyakazi nao wana neno lao la kuambiwa, nalo si tamu.

Mwezi Aprili 2017 Serikali ilitoa matokeo ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, na watumishi 9,932 wakatajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Idadi hiyo ilitushtua wote. Baadhi ya waliotajwa walikuwa wamefanya kazi miaka mingi, na huenda waliifanya vizuri. Lakini uongo waliouingia nao mlangoni ulikuwa umekaa juu ya nafasi ya mtu mwingine aliyesoma kwa haki. Twadhani mzizi wa uovu ule haujang'olewa, umekatwa matawi tu. Mzizi wenyewe ni kuheshimu karatasi kuliko ujuzi. Leo hii wapo watu wazima, wenye vyeo vya kutosha, ambao huwalipa vijana wawaandikie kazi za chuo na hata tasnifu nzima, kisha huvaa joho na kupigwa picha. Mtu wa namna hiyo hana tofauti na mwenye cheti cha kughushi, isipokuwa cheti chake kina mhuri wa kweli. Mwajiri mmoja akimgundua huyo mmoja, hufunga mlango kwa kumi waliosoma kwa jasho.

Tena wako wanaosoma saa za kazi. Foleni ya wananchi imesimama dirishani, mzee ametoka kijijini na barua yake, na mtumishi ameinamia kitabu cha chuo chini ya meza. Hilo ni wizi. Saa hizo zimekwisha kulipwa na mzee huyo. Tunapodai mfanyakazi apewe muda wake wa kusoma kwa uwazi, twadai papo hapo kwamba asijichukulie muda wa wananchi kwa siri. Madai hayo mawili hayatengani.

Na wengine hujitwika mzigo ambao punda angeukataa. Mtu ana kazi ya kutwa, ana familia, ana kikundi cha kuweka na kukopa ambacho yeye ni mweka hazina, kisha anajiandikisha masomo yote ya mwaka kama kijana wa bweni, kwa kuwa ana haraka ya kupandishwa cheo. Ifikapo mwezi wa tano amekwisha kuacha. Ada imepotea, na aibu imemkaa. Yeye angechukua nusu ya masomo, akatafuta wenzake wawili au watatu mahali pale pale pa kazi wakasoma pamoja kila Jumamosi mchana, angefika. Wanaofika hawazidi wengine kwa akili. Tulivyowaona, ni wale waliokubali kwenda polepole, waliowaambia watu wa nyumbani mapema kwamba kwa miaka hii mitano au sita baadhi ya harusi hawatahudhuria.

Sasa tuje kwenye sheria, kwa kuwa hapo ndipo jambo hili linapoweza kutoka katika hisani na kuwa haki. Mwaka 1974 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 140, unaohusu likizo ya masomo yenye malipo. Tanzania iliuridhia mkataba huo mwaka 1983. Unaitaka nchi iliyouridhia iwe na sera ya kukuza likizo ya namna hiyo, kwa njia zinazofaa mazingira yake, na hatua kwa hatua ikibidi. Na haukusema kwamba ni kwa mafunzo ya ufundi wa kazi peke yake, bali pia kwa elimu ya jumla, ya jamii na ya uraia, na kwa elimu ya vyama vya wafanyakazi. Katika utumishi wa Serikali taratibu za ruhusa ya masomo zipo, ijapokuwa zinatumika kwa upendeleo mahali pengi. Lakini Sheria ya mwaka 2004, inayomlinda mfanyakazi wa kiwandani, wa hotelini, wa kampuni ya ulinzi na wa dukani, ilipotungwa ilitaja likizo ya mwaka ya siku 28, ikataja ya ugonjwa, ya uzazi, ya baba mwenye mtoto mchanga, na siku za kuuguza na kuzika. Siku ya mtihani haikupewa fungu lake. Ndiyo maana mfanyakazi wa kiwandani, akitaka kukalia mtihani, hujificha ndani ya fungu la ugonjwa au la mazishi. Sheria haikumpa mlango mwingine.

Twataka mlango huo uwekwe. Hatuombi miaka ya kukaa nyumbani kwa mshahara. Mfanyakazi mwenye masomo sita kwa mwaka ana karatasi sita za mtihani. Apewe siku ya kila karatasi, yenye malipo, kwa kuonyesha ratiba ya chuo kinachotambuliwa, na baadaye alete uthibitisho kwamba alikaa chumba cha mtihani kweli. Kiwanda ambacho hakiwezi kustahimili siku sita za mtu mmoja kwa mwaka kinapaswa kuchunguzwa juu ya mambo mengine. Tena siku hizo zingepatikana sasa hivi pasipo gharama mpya, kwa kuwa waajiri tayari wanazilipia kama siku za ugonjwa.

Wala hakuna haja ya kukaa tukingojea Bunge. Vyama vya wafanyakazi vina uwezo wa kisheria wa kujadiliana na waajiri na kutia sahihi mikataba ya hali bora. Tumeisoma baadhi ya mikataba hiyo. Imo posho ya nyumba, imo ya usafiri, limo jeneza na sanda, na ni vema yamo. Juu ya masomo mara nyingi hamna kitu, au mna sentensi moja isemayo kwamba mwajiri atalitazama jambo hilo kadiri atakavyoona inafaa. Sentensi hiyo haina thamani ya wino wake. Viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi, watakapokaa tena mezani, wadai siku zihesabiwe na ziandikwe kwa tarakimu.

Upande wa Chama tunalo pendekezo ambalo halihitaji kikao cha juu. Kila kata ya nchi hii ina ofisi ya Chama, na matawi mengi yana nyumba zao. Ofisi hizo nyingi, saa kumi na mbili jioni, hufungwa kufuli. Ndani yake mna meza, viti, na mahali pengi siku hizi mna umeme. Nje ya ofisi hizo, katika vyumba vya kupanga vyenye watu sita na redio mbili, wako wanachama wanaosoma chuo kikuu wakiwa wameegemeza kitabu kwenye ndoo. Katibu wa tawi atafute wanachama wake wanaosoma, awaandike majina, awape ufunguo kuanzia saa moja hadi saa nne usiku, nao wachange fedha ya umeme na wafagie kabla ya kuondoka. Mwanachama mwenye shahada yake aje mara moja kwa wiki aketi nao. Mahali ambapo maktaba ya mkoa hufungwa wakati mfanyakazi anatoka kazini, chumba hicho kitakuwa ndiyo maktaba yake.

Na mashirika na ofisi zilizo chini ya Chama chenyewe, magazeti yakiwamo, zianze kutoa siku za mitihani kabla ya kuwadai wengine. Msimu wa mitihani ujao si mbali. Maofisa utumishi wa ofisi hizo watundike tangazo ubaoni mapema, la kuwataka watumishi wote wanaosoma walete ratiba zao, na tangazo hilo litiwe sahihi na mkubwa wa kazi mwenyewe, si na karani wake.